Mita Sita za Mpira: Hesabu ya Wimbi la Mapigo kwenye Meza ya Kindu

Muuguzi anapomshika mgonjwa kifundo cha mkono, anachogusa si damu iliyotoka moyoni wakati huo. Moyo unaotoa mililita 70 kwa kila pigo, mapigo 70 kwa dakika, unasukuma karibu mililita 82 kwa sekunde. Zipitishe kwenye aota yenye kipenyo cha milimita 25, na damu inatembea kwa wastani wa sentimita 17 kwa sekunde. Pigo lenyewe hukimbia mita 5 hadi 6 kwa sekunde, zaidi ya mara 30 ya mwendo wa damu. Kinachofika kwenye kidole cha muuguzi ni wimbi, na damu yake inakuja nyuma baada ya sekunde kadhaa.

Wimbi lolote likikuta mwisho wa njia, au mahali ambapo njia inabadilika, sehemu yake hurudi. Wanaovuka mto Lualaba kwa mtumbwi mjini Kindu, mkoani Maniema, kati ya Alunguli na upande wa bandari wameliona hilo mara nyingi: mawimbi ya chombo kilichopita hupiga ukuta wa gati, kisha hurudi na kukutana na yale yanayokuja. Ndani ya ateri hali ni hiyohiyo, na shinikizo tunalolipima mkononi ni jumla ya wimbi linalokwenda na wimbi linalorudi.

Maabara za ng'ambo zimekuwa zikiyaiga mawimbi haya kwa mirija ya mpira tangu karne ya 19. Je, kuyaiga Kindu kungegharimu kiasi gani? Hesabu yangu inafika dola 345 za Kimarekani kwa meza moja inayofanya kazi, na vipuri vyake ndani. Kinachoifanya bei iwe hivyo, badala ya kuwa mara mia moja zaidi, ni uamuzi mmoja: kulipia muda kabla ya kulipia kufanana na mwili. Katika kazi hii muda hununuliwa kwa urefu wa mpira na kwa wepesi wa kihisi. Kufanana na mwili, yaani pampu inayopiga kama moyo, matawi ya mishipa na majimaji mazito kama damu, ndiko kunakomaliza fedha.

Tuanze na mpira. Mwaka 1878 Waholanzi wawili, Adriaan Isebree Moens na Diederik Korteweg, walitoa kanuni ambayo bado inabeba majina yao. Moens alikuwa akifanya majaribio ya mirija ya mpira huko Leiden. Kanuni inasema hivi: zidisha ugumu wa ukuta wa mrija kwa unene wake, gawanya kwa uzito-ujazo wa majimaji na kipenyo cha mrija, kisha chukua kipeuo cha pili. Jibu ni kasi ya wimbi.

Weka namba. Aota ya mtu mzima mwenye afya ina ukuta wa karibu milimita 2 na ugumu wa karibu megapaskali 0.4, uzito-ujazo wa damu ni kilo 1,060 kwa mita ya ujazo. Kanuni inatoa mita 5.5 kwa sekunde. Sasa chukua mrija wa mpira asilia wenye kipenyo cha ndani cha milimita 10, ukuta wa milimita 1 na ugumu wa megapaskali 1, uujaze maji ya kawaida: unapata mita 10 kwa sekunde. Hata mpira wa ndani wa baiskeli unafaa kwa jaribio la kwanza. Ukiwa na kipenyo cha milimita 28 na ukuta wa milimita 0.9, na tukikadiria ugumu wake kuwa megapaskali 1.5, wimbi lake lingekwenda karibu mita 7 kwa sekunde, karibu na aota kuliko mrija wa dukani. Ubaya wake ni kwamba hulala bapa usipokuwa na shinikizo, na kuunga vipande viwili bila kuacha kovu linalorudisha wimbi ni kazi ya fundi mvumilivu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusitumie bomba la plastiki gumu, ambalo kila fundi wa maji analo. Bomba la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 2 lina ugumu wa karibu megapaskali 3,000, na wimbi ndani yake hukimbia kiasi cha mita 465 kwa sekunde. Nikitaka wimbi liende na kurudi kwa sekunde 1.2, bomba hilo litanidai mita 279. Mrija wa mpira unanidai mita 6. Ulaini wa mpira unapunguza kasi, na kasi inapopungua maabara inatosha ndani ya chumba kimoja. Katika bajeti nzima sijaona uamuzi unaookoa fedha nyingi kuliko huu.

Mita 6 zimetoka wapi? Moyo husukuma damu kwa karibu sekunde 0.3 katika kila pigo. Msukumo wa muda huo, katika mrija wenye kasi ya mita 10, unakuwa wimbi lenye urefu wa mita 3. Ili niuone mwangwi wake peke yake, kihisi lazima kiwe umbali unaozidi nusu ya urefu huo kutoka mwisho wa mrija. Naweka kihisi cha kwanza mita 1 kutoka kwenye chanzo, cha pili mita 4, na mwisho uko mita 6. Wimbi linafika kihisi cha pili baada ya sekunde 0.4 na kumaliza kupita kwenye 0.7, na ncha yake, ikishagonga mwisho, inarejea hapo kwenye 0.8. Kuna nafasi ya sekunde 0.1 kati ya kuondoka kwa la kwanza na kurudi kwake. Kihisi cha kwanza kazi yake ni kasi tu: mita 3 kati ya viwili hivyo, gawanya kwa muda uliopita.

Hapa ndipo pampu inapoondoka kwenye orodha. Pampu inayopiga mara 70 kwa dakika inatoa pigo kila sekunde 0.86, kwa hiyo pigo la pili lingetoka kabla la kwanza halijamaliza safari ya kwenda na kurudi, na mawimbi yangechanganyika. Pigo moja moja linafaa zaidi, na pigo moja linatolewa na sirinji. Ukubwa wake unatokana na kanuni ambayo Nikolai Joukowsky aliitumia mwaka 1898 katika mabomba ya maji ya Moscow: ongezeko la shinikizo ni uzito-ujazo, mara kasi ya wimbi, mara badiliko la mwendo wa majimaji. Maji yakifika mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde, shinikizo linapanda kilopaskali 5, yaani milimita 37 na nusu za zebaki. Hicho ni kama kimo cha pigo la binadamu. Aota yenyewe, ikiwa na kasi ya wimbi ya mita 5.5 na damu inayofika karibu mita 1 kwa sekunde kileleni, inatoa milimita 44 kwa kanuni ileile. Mpira wangu ni mwembamba kuliko aota, kwa hiyo kimo hicho kinahitaji mililita 7.5 tu za maji. Sirinji ya mililita 20 inabaki na nafasi. Kizuizi cha mti kinachoisimamisha pistoni baada ya milimita 24 kinafanya kila msukumo ufanane na uliotangulia, jambo ambalo mkono mtupu hauliwezi.

Mrija unahitaji pia shinikizo la msingi, kama mwili unavyokuwa nalo hata moyo unapopumzika. Ndoo ya maji iliyoinuliwa mita 1.36 juu ya meza inatoa milimita 100 za zebaki bila umeme wowote. Iunganishwe kwa mpira mwembamba wa dripu, ili wimbi lisiione ndoo kama tawi na kuingia humo. Na kidhibiti cha dripu chenye kigurudumu, kikiwekwa mwisho wa mrija, ndicho ukinzani unaoweza kuongezwa na kupunguzwa. Vitu hivi viwili vinapatikana popote dripu zinapotundikwa.

Vihisi ndivyo vinavyoangusha majaribio ya bei rahisi, na sababu mara nyingi ni wepesi. Ziko moduli ndogo za shinikizo za dola chache zinazosoma mara 40 kwa sekunde. Katika sehemu moja ya arobaini ya sekunde, wimbi la mita 10 kwa sekunde limeshatembea sentimita 25. Ukipima kwenye mwili, ambako umbali unaotumika kati ya shingo na paja ni kama nusu mita, wimbi la kasi hiyo huchukua milisekunde 50, na kosa la milisekunde 25 ni nusu nzima ya kipimo. Kihisi aina ya MPX5050 hujibu ndani ya milisekunde 1 na hupima hadi kilopaskali 50, sawa na milimita 375 za zebaki. Kikiunganishwa na kibao cha Arduino Uno, ambacho hugawa volti 5 katika ngazi 1,024, kila ngazi ni karibu milimita 0.4 za zebaki. Nikisoma mara 1,000 kwa sekunde, kosa la muda kwenye mita zangu 3 ni sehemu moja katika 300.

Shida moja: MPX5050 imetengenezwa kwa hewa kavu, haipendi maji. Kwa hiyo huachwa hewa kidogo kati ya maji na kihisi, na hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Maji yaliyo kwenye kijiunganishi na hewa iliyo juu yake huyumba pamoja, yakiwa na mtetemo wao wenyewe. Kijiunganishi cha sentimita 3 chenye upana wa milimita 3 na hewa ya mililita 0.2 hutetemeka karibu mara 57 kwa sekunde, juu ya sehemu muhimu za pigo. Ukiacha mpira wa sentimita 50 na hewa ya mililita 2, mtetemo unashuka hadi mara 4 kwa sekunde, na mchoro utakaouona utakuwa wa mpira huo, si wa wimbi. Hewa iliyonaswa ndani ya mrija mkuu haina madhara makubwa hivyo: mililita 1 inaongeza ulegevu sawa na sentimita 1.2 za mrija. Kwenye bomba gumu la plastiki mililita hiyohiyo ingekuwa sawa na mita 4 za bomba. Ni sababu nyingine ya kuupenda mpira.

Meza ikishasimama, gharama ya kila jaribio ni maji tu. Mrija mzima una nusu lita. Funga mwisho kabisa: wimbi lote linarudi likiwa na shinikizo la upande uleule, na pale mwishoni milimita 37 zinakaribia 75. Uache wazi kwenye ndoo pana: linarudi limegeuka, shinikizo linashuka badala ya kupanda. Unga mrija wenye nusu ya eneo: ukinzani wa wimbi unakuwa maradufu, na theluthi moja inarudi, maana ni 2 kutoa 1, kugawanya kwa 2 kujumlisha 1. Unga kiungo chenye matawi mawili, kila moja likiwa na eneo sawa na la mrija mama: theluthi inarudi tena, safari hii ikiwa imegeuka. Kati ya hizo mbili kuna uwiano ambapo hakirudi chochote. Womersley, aliyefanya hesabu za mtiririko wa damu katika miaka ya 1950, aliuona uko karibu na 1.15, yaani matawi yakiwa na eneo la jumla linalozidi mama kwa asilimia 15. Pale aota inapogawanyika kwenda miguuni, uwiano wa kijana uko karibu na namba hiyo, na hupungua umri unavyosonga. Mpira utakula sehemu ya kila wimbi njiani, kwa hiyo theluthi itakayoonekana kwenye kihisi itakuwa pungufu ya theluthi ya karatasi, na pengo hilo ni somo la siku nzima.

Namba za mwanafunzi zitoke mezani hadi wodini. Mwaka 2012 wataalamu walikubaliana kwamba kasi ya wimbi kati ya shingo na paja inayozidi mita 10 kwa sekunde ni dalili ya mishipa iliyokakamaa. Kasi ikiongezeka maradufu, mwangwi hurudi kwa nusu ya muda: kwa umbali wa nusu mita, kutoka sekunde 0.18 hadi 0.09, wakati moyo bado unasukuma. Moyo unajikuta unasukuma dhidi ya wimbi lake wenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu wazima bilioni 1.28 wa miaka 30 hadi 79 wenye shinikizo la juu la damu, na asilimia 46 kati yao hawakujua. Fundi wa afya aliyeona kwa macho yake wimbi likipanda maradufu kwenye mwisho uliofungwa anaelewa kwa nini shinikizo la mkononi linaweza kutofautiana na la mlangoni mwa moyo, hasa kwa vijana, ambao la mkononi huwa juu zaidi.

Sasa fedha. Bei ninazoweka ni za bajeti, nimezipandisha kidogo kwa makusudi. Mita 8 za mrija kwa dola 5 kila moja: 40. Vihisi vinne, viwili vya kazi na viwili vya akiba kwa sababu maji yatafika tu siku moja: 100. Kibao cha Arduino: 30. Sirinji, mipira ya dripu na viungo: 30. Ndoo, mbao na misumari, vyote vya soko la Kindu: 30. Jumla 230. Nusu ya hapo kwa usafiri na yale yasiyotarajiwa, 115, na tumefika 345. Kompyuta mpakato sijaihesabu, kwa kuwa yoyote inayowaka inatosha: vihisi viwili vikisoma mara 1,000 kwa sekunde hutoa kilobaiti 4 tu kila sekunde. Kibao chenyewe hula robo ya wati, kwa hiyo betri ya kuchajia simu inakiendesha siku nzima, umeme uwepo usiwepo.

Usafiri ndio kila mtu wa Maniema angeuliza kwanza, hasa tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025 na njia moja ya mizigo ikakatika. Hapa namba zinatuonea huruma. Mita 8 za mrija ule zina uzito wa gramu 260 hivi. Pamoja na vihisi na kibao, kila kinachotoka nje hakifiki kilo 1. Kinaingia kwenye begi la abiria anayetoka Kinshasa. Darasa la watu 30, liwe la Chuo Kikuu cha Kindu, la ISTM (taasisi ya mbinu za tiba) au la ISP (taasisi ya ualimu), linagawana dola 11.50 kwa kichwa mwaka wa kwanza. Mrija na vifaa vikidumu madarasa matatu, inashuka chini ya dola 4.

Upande wa pili wa ngazi kuna kazi kama ile iliyochapishwa mwaka 2007 na Koen Matthys na wenzake kutoka London na Ghent. Walitumia mfano wa silikoni wenye ateri kuu 37, pampu iliyoiga moyo, na mchanganyiko wa maji na gliserini wa 65 kwa 35, wakalinganisha vipimo na hesabu za kompyuta katika sehemu 70. Kazi hiyo ilihitaji kufanana na mwili, kwa sababu swali lake lilikuwa: je, hesabu za mstari mmoja, zinazofuata urefu wa mrija tu, zinaweza kuaminiwa kwa mti mzima wa ateri? Jibu lilikuwa ndiyo kwa kiasi kikubwa, na sisi tusio na ateri 37 za silikoni tunalitumia bure.

Hesabu hizo ni nyepesi ajabu. Gawanya mrija wa mita 6 katika vipande 600 vya sentimita 1, uende hatua za milisekunde 1 kwa sekunde 2: ni hesabu milioni 1.2, kazi ambayo kompyuta mpakato ya zamani huimaliza kwa muda mfupi. Ukitaka picha kamili ya pande tatu, kwa vijisanduku vya milimita 1 na hatua za sehemu moja ya kumi ya milisekunde, unahitaji vijisanduku 471,000 kwa hatua 20,000, yaani bilioni 9.4: karibu mara 7,850, kabla hujaugusa ukuta wa mpira. Kwa njia ile nyepesi, Peter Charlton na wenzake walitoa mwaka 2019 hazina ya mawimbi ya watu 4,374 wa kubuni, wenye umri wa miaka 25 hadi 75, ambayo yeyote anaweza kuipakua bila malipo. Kwa Kindu ningeipakua siku intaneti ikiwa nzuri na kuihifadhi kwenye diski, lakini nisingeifungua mbele ya wanafunzi kabla hawajapima mrija wao. Namba za kompyuta huaminika haraka mno kwa mtu ambaye hajawahi kuona hewa ya mililita 2 ikiharibu mchoro.

Dola za ziada zikipatikana ziende wapi? Wengi wangekimbilia pampu. Mimi ningezielekeza kwenye kupima mtiririko. Mwaka 1972 Nico Westerhof na wenzake walionyesha kwamba ukijua shinikizo na mtiririko mahali pamoja, unaweza kulitenga wimbi linalokwenda na linalorudi: jumlisha shinikizo na mtiririko uliozidishwa kwa ukinzani wa wimbi, gawanya kwa 2, umepata linalokwenda, toa badala ya kujumlisha, umepata linalorudi. Mrija wetu una ukinzani wa karibu milimita 0.95 za zebaki kwa kila mililita kwa sekunde. Kihisi kikisoma ongezeko la 50 wakati mtiririko ni mililita 20 kwa sekunde, wimbi linalokwenda ni 34.5 na linalorudi ni 15.5. Kipimo cha mtiririko kinachofaa kwa mawimbi ya kasi hii ni ghali kuliko meza yote, na ndiyo maana mrija una mita 6. Urefu wake unayatenganisha mawimbi kwa muda, kazi ambayo kipimo kingeifanya kwa hesabu. Mwili wa mgonjwa hauna mita 6 za kutupa. Mwangwi wake hurudi kabla pigo halijakwisha, kwa hiyo wodini shinikizo peke yake halitoshi, na mashine ya kutazama mtiririko kwa mawimbi ya sauti inabaki kuwa kifaa ambacho hakuna mpira utakaokibadili.